Paka mgeni hatoki chini ya kitanda, dume mwenyeji anamvizia mlangoni

Swali: Daktari, habari za kazi. Nina paka wawili, dume wa miaka 6 na jike wa miaka 3, wote wamefungwa uzazi. Siku 5 zilizopita nilichukua jike mwingine wa miaka 2 hivi kutoka kituo cha kuokoa wanyama. Siku ya pili niliwafungulia mlango ili wazoeane. Dume akamkazia macho, mgeni akamfokea, akakimbilia chini ya kitanda na kukojoa hukohuko. Tangu hapo mchana haonekani, hula kidogo usiku tu. Dume naye sasa anashinda mlangoni pa chumba hicho. Je, nimtoe kwa nguvu ili azoee? Au nianze upya? Na itachukua muda gani?

Jibu: Usimtoe kwa nguvu. Anza upya, na safari hii tenganisha kazi mbili ambazo siku ile zilifanywa kwa pamoja. Kazi ya kwanza ni mgeni kuamini kwamba chumba chake na watu wake ni salama. Ya pili ni kumkutanisha na wenyeji. Ya pili haianzi kabla ya kwanza haijakamilika, kwa sababu paka aliyejaa hofu hajifunzi kuzoea. Anajifunza kukimbia tu, na chochote anachokiona wakati huo, dume wako akiwemo, anakihesabu kuwa hatari. Methali humpa mgeni jembe siku ya tatu. Paka mwoga, siku ya tatu ndiyo kwanza anaanza kula.

Kabla ya mengine yote, mpeleke kwa daktari wa wanyama ikiwa bado hajapimwa, au muulize kama anaweza kuja nyumbani. Anahitaji vipimo vya FIV na FeLV, yaani virusi vinavyodhoofisha kinga na virusi vya lukemia ya paka. Ikiwa historia yake haijulikani, kipimo kirudiwe baada ya siku 60, maana maambukizi mapya huweza kutoonekana mwanzoni. Aangaliwe viroboto, minyoo, masikio, meno na ngozi. Jino bovu peke yake linatosha kumfanya paka ajifiche na ale kidogo. Hakikisha pia chanjo za wote watatu hazijapitwa na wakati. Virusi vya herpesi, ambavyo ni chanzo kikubwa cha mafua ya paka, hulala mwilini na kuamka paka anapopata msongo, ndiyo maana chafya na macho kutoa machozi huanza siku chache baada ya kuhamia nyumba mpya. Kwa hiyo mlango uliofungwa kwa wiki 2 za mwanzo unafanya kazi mbili: unatuliza hofu na kuzuia maradhi. Vyombo vyake visichanganywe na vya wenyeji, na wewe unawe mikono ukitoka chumbani mwake.

Sasa chumba chenyewe. Kidogo ni bora kuliko kikubwa. Uvungu wa kitanda ni maficho mabaya, kwa sababu humfikii, humwoni, na yeye anaweza kukaa humo wiki nzima bila kujifunza chochote. Lakini usimzibie njia yote kwa siku moja. Kwanza weka maficho bora: maboksi mawili au matatu ya karatasi ngumu, kila moja liwe na matundu mawili ya kupita yenye upana wa kama sentimita 20. Boksi moja liwe sakafuni na jingine juu ya meza au kabati imara. Yapange ili akiwa ndani aone mlango bila yeye kuonekana. Ndani weka kitambaa, na usikifue kwa siku kadhaa, kwa sababu harufu yake mwenyewe ndiyo inayomwambia kwamba hapo ni kwake. Akishaanza kulala bokisini, jaza uvungu nusu kwanza, halafu siku mbili baadaye nusu iliyobaki. Fanya hivyo wakati ametoka mwenyewe.

Sanduku la mchanga, yaani choo chake, liwe refu mara moja na nusu ya urefu wa paka, kuanzia puani hadi mkia unapoanzia. Mchanga usiwe na manukato, na kina chake kiwe sentimita 5 hivi. Liweke upande wa pili wa chumba, mbali na chakula na maji. Pale alipokojoa, safisha kwa dawa yenye vimeng'enya inayovunja mkojo kabisa. Usitumie dawa yenye amonia, maana harufu yake inafanana na ya mkojo na humwita arudi palepale. Wala usitumie dawa zenye fenoli, zile zinazogeuka nyeupe zikitiwa ndani ya maji. Hizo ni sumu kwa paka.

Wewe ingia mara 3 au 4 kwa siku, saa zilezile, ukae sakafuni ubavu ukimwelekea yeye. Dakika 15 zinatosha. Usimkazie macho. Akikutazama, fumba macho polepole, fungua, kisha tazama pembeni. Soma kitu kwa sauti ya chini ili azoee sauti yako. Mrushie vipande vidogo vya chakula anachokipenda kuliko vyote, vianguke karibu naye, na kila siku vianguke karibu nawe kidogo zaidi. Usiingize mkono kwenye maficho yake hata siku moja, hata kama unaona ametulia. Akija mwenyewe, nyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake. Akikisugua kwa shavu, mkune shavuni kwa sekunde 3, kisha acha uone kama anaomba tena. Tumbo na shina la mkia uyaache kwa sasa.

Kipimo changu cha kwanza kwa paka mwoga ni chakula. Pima gramu unazoweka na zinazobaki, uandike kila siku. Kula usiku tu kwa siku 5 hakunitishi, mradi jumla inapanda. Akikaa saa 24 bila kula kabisa, piga simu kwa daktari. Akifikisha saa 48, apelekwe bila kusubiri, hasa kama ni mnene: mwili wa paka asiyekula hupeleka mafuta kwenye ini kwa wingi kiasi cha kulifanya lishindwe kazi, na hilo huua.

Utajua kazi ya kwanza imeisha anapokula mlo wake wote ukiwa chumbani, anatumia sanduku bila kukosea, anatembea mchana, na mkia wake unasimama anapokuona. Kwa wengine huchukua wiki moja, kwa wengine miezi miwili. Paka ambaye hakushikwa na binadamu alipokuwa kati ya wiki 2 na 7 za umri, mara nyingi huwa katika kundi hilo la pili.

Wakati hayo yanaendelea, harufu zinaweza kuanza kutambulishana. Paka hutambuana kwa pua kabla ya macho. Chukua soksi safi, msugue mgeni mashavuni na kidevuni, kisha iweke karibu na chakula cha wenyeji. Fanya vivyo hivyo kutoka kwao kwenda kwake. Isiwekwe mahali paka yeyote anapolala, asije akahisi amevamiwa. Akiinusa na kuendelea na shughuli zake, vizuri. Akiifokea, isogeze mbali hadi aweze kula bila kuijali. Baadaye, akishakuwa jasiri, wafungie wenyeji chumba kimoja kwa dakika 30 hadi 60, mgeni azunguke nyumba, na siku nyingine wenyeji wanuse chumba chake yeye akiwa kwingine.

Kuhusu dume wako, hapa ndipo nina wasiwasi kuliko pa mgeni. Watu huogopa paka anapofoka, lakini kufoka ni kusema "usinisogelee", na mwenzake akisikia na kurudi nyuma, mambo yamekwisha. Mwenye kuleta shida ya muda mrefu ni yule anayekaa kimya, mwili umekaza, macho hayapepesi, amejilaza pale ambapo mwingine lazima apite. Kwa macho yetu anaonekana amepumzika. Kwa mgeni aliye ndani, amefungiwa njia. Ziba uwazi wa chini ya mlango kwa taulo, na umpe dume shughuli mbali na hapo: mchezo wa fimbo yenye kamba na manyoya kwa dakika 10, mara 2 kwa siku, umalizie kwa chakula. Ukimkuta mlangoni, mwite kwa mlo au mchezo. Usimfukuze, usimrushie maji, wala usimnyanyue akiwa amekaza mwili hivyo, kwa sababu anaweza kukuuma wewe. Adhabu inamfundisha kwamba harufu ya mgeni huja na mabaya, na ndicho kinyume cha tunachotafuta.

Kazi ya pili huanzia kwenye mlango uliofungwa. Weka bakuli la mgeni mita 2 kutoka mlangoni upande wake, na la mwenyeji mita 2 upande wa pili, wale kwa wakati mmoja kitu kitamu kuliko mlo wa kawaida. Wote wakila milo 2 mfululizo bila kuinua kichwa kutazama mlango, sogeza kila bakuli sentimita 30. Endelea hadi yawe karibu kabisa na mlango. Akitokea mmoja anaacha kula na kutazama, wamekaribiana mno. Rudi kwenye umbali wa jana na ukae hapo siku 2 au 3. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kuruka hatua kwa sababu "leo walikuwa wazuri". Siku moja nzuri haitoshi.

Anza na yule jike, ikiwa ndiye mtulivu, peke yake. Dume afuate baadaye, naye peke yake. Mgeni asikutane na wawili kwa mpigo.

Milo ya mlango uliofungwa ikipita, weka wavu imara au kizuizi mlangoni, ukifunike chote kwa shuka, urudishe mabakuli hadi mita 3. Inua shuka sentimita 5 kutoka chini wakati wa mlo, kesho zaidi kidogo. Vikao viwe vya dakika 5, na uteremshe shuka kabla mabakuli hayajaisha. Chakula kikiisha huku wakitazamana, hawana tena la kufanya ila kukaziana macho.

Wakikaa wiki nzima wakionana kwa utulivu kupitia wavu, ondoa kizuizi. Iwe baada ya mchezo na kabla ya mlo, katika chumba chenye njia mbili za kutokea na mahali pa kupanda. Usimpakate yeyote. Kuwa na kipande cha karatasi ngumu cha sentimita 60 kwa 60, ukiteremshe katikati yao mara tu unapoona masikio yamelala, mboni zimepanuka, mkia unachapa au mmoja ameganda akitazama. Mwanzo dakika 5 tu. Usiwaache peke yao hadi ziishe wiki 2 bila kukaziana macho wala kuziba njia.

Wakipigana, usiingize mikono. Tumia ile karatasi, blanketi au kishindo. Kisha watenganishe kwa saa kadhaa na usimguse aliyepandwa na hasira, kwa sababu hasira hiyo humwangukia yeyote aliye karibu, hata yule jike mtulivu. Kagua manyoya vizuri: tundu la jino la paka ni dogo na hufunga upesi, halafu siku 2 hadi 4 baadaye hutokea jipu. Ukiumwa wewe, osha kwa maji mengi na sabuni, uende hospitali siku hiyohiyo.

Nyumba nayo iandaliwe mapema. Paka 3 wanahitaji masanduku 4 ya mchanga, katika sehemu tofauti, kwa sababu masanduku 4 yaliyopangwa pamoja ni sanduku moja kwa paka anayejua kuziba njia. Chakula na maji pia vitawanywe. Rafu za kupandia ziwe na upana wa sentimita 30 na njia ya kupanda na nyingine ya kushuka, vinginevyo ya juu kabisa inakuwa mtego.

Feromoni, yaani harufu za kutuliza paka zinazotolewa na kifaa cha kuchomeka kwenye soketi ya ukutani, husaidia paka wengine na wengine hapana. Hazina madhara, ila haziwezi kuchukua nafasi ya hatua hizi. Kama hofu haipungui baada ya wiki 3 au 4, daktari anaweza kumwandikia dawa ya kupunguza hofu kama gabapentini. Usimpe dawa ya binadamu kwa kukisia: hata kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka.

Kuhusu muda, hesabu wiki 6 hadi miezi kadhaa. Wengi huishia kuvumiliana, kila mmoja na sehemu yake, bila kulala pamoja, na hayo ni matokeo mazuri.

Dume akianza kwenda sandukuni mara kwa mara, kujikamua na kutoa matone au kutotoa kitu, mpeleke kliniki saa hiyohiyo, hata usiku. Msongo huchochea uvimbe wa kibofu, na njia ya mkojo ya dume ikiziba anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Vivyo hivyo paka yeyote anayehema mdomo wazi akiwa amekaa tu, au anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika akiwa usingizini. Ukienda kwa daktari kwa sababu ya tabia na si dharura, nenda na video ya sekunde 30 ya dume akiwa pale mlangoni, pamoja na daftari lako la gramu.