Kontrola ya CNC imekufa: je, mota za zamani zing'olewe?

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Karakana yetu ya Gerezani, Dar es Salaam, imenunua mashine ya kukereza ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya miaka ya 1980. Skrini haiwaki na kadi za kontrola (kompyuta ya kuiongoza) zimeungua, ila chuma chake ni kizima. Fundi mmoja anashauri tung'oe mota zote tufunge stepa, yaani mota za kwenda hatua kwa hatua. Tumsikilize?

JIBU: Ndugu yangu, msing'oe mota kabla ya kuzipima. Mashine nyingi za umri huo zina servo za DC: mota yenye brashi za kaboni, takojenereta inayotoa taarifa ya kasi, na enkoda inayotoa taarifa ya mahali. Draivu, yaani kifaa kinachoipa mota umeme, husubiri amri ya volti tu, kwa kawaida kati ya -10 na +10, na haijali amri hiyo imetoka kwenye kontrola ya zamani au ya leo.

Stepa ikizidiwa na mzigo huruka hatua na kontrola haitajua. Kwenye mhimili wa X, unaosogeza kisu kuelekea katikati ya kipande, kosa la milimita 0.1 ni 0.2 kwenye kipenyo. Kwa mashine nzito, mimi nisingekubali.

Kuipima servo si kazi kubwa. Vua mkanda ili mota izunguke bila kusukuma skrubu ya kusogeza kisu, kagua kaboni, iwezeshe draivu, kisha ipe amri kwa betri ndogo ya volti 1.5. Mota ikizunguka taratibu bila kutikisika, na ukigeuza nyaya za betri ikarudi upande wa pili, mota na draivu yake ni nzima. Ila kapasita za draivu hubaki na umeme hata baada ya kuzima. Zipime kwa mita kabla ya kugusa.

Kontrola mpya ningechagua LinuxCNC, programu isiyolipiwa, pamoja na kadi ya Mesa 7I77 yenye njia sita za analogi, za kutoa ile amri ya volti, na sita za enkoda. Kadi hiyo haifanyi kazi peke yake. Huungwa kwenye kadi nyingine kama 7I92, inayozungumza na kompyuta kwa kebo ya mtandao. Kama nyuma ya mota mtakuta rizolva, kipima mahali cha aina nyingine, fungeni enkoda mpya. Enkoda ya mistari 2500 huhesabiwa mara nne, yaani hesabu 10,000 kwa mzunguko; mzunguko mmoja wa enkoda ukisogeza mhimili milimita 10, kila hesabu ni milimita 0.001.

Spindeli, sehemu inayozungusha kipande, nayo lazima iwe na enkoda yenye alama moja kwa kila mzunguko. Bila alama hiyo kisu hakitajua pa kuanzia, na mkato wa pili wa nyuzi za skrubu utaukata ule wa kwanza.

Siku ya kwanza ya kuwasha ndiyo ninayowahofia. Enkoda ikisoma kinyume cha amri, mota hukimbia kwa kasi yote badala ya kusimama. Wekeni kikomo cha kosa la ufuatiaji, yaani tofauti kati ya mahali palipoamriwa na mota ilipo, kiwe milimita 1, mkanda ukiwa bado umevuliwa, na mtu mmoja asimame kwenye swichi ya dharura. Swichi hiyo ikate kontakta, swichi kubwa inayoipa draivu umeme, moja kwa moja, isipitie kwenye kompyuta. Na kama chaki yenu, yaani kishikio cha kipande, inabana kwa haidroli, hakikisheni swichi ya dharura haiifungui: kipande cha chuma kikichomoka spindeli ikiwa bado inazunguka kinaua.