Kabla hujamwita mtu hewa, soma baiti

Wiki hii binti mmoja wa fildi, hodari kweli, amekaa siku mbili na faili moja la CSV, jedwali la maandishi matupu. Mfumo unamwambia safu ya "namba" haipo. Yeye anaiona, iko pale, ya kwanza kabisa kushoto. Kaifuta kaiandika upya, kahifadhi tena kutoka Excel, kalala nayo, kaamka nayo. Siku ya tatu asubuhi ndipo akaniita, tena kwa aibu. Nikamwambia andika hivi:

`head -c 16 wakulima.csv | xxd`

`00000000: efbb bf6e 616d 6261 2c6a 696e 612c 6b69  ...namba,jina,ki`

Nikamwonyesha zile baiti tatu za mwanzo (baiti ni kipande kimoja cha data, hapa kimeandikwa kwa alama mbili), ef bb bf. Hiyo ni BOM, alama ya mwanzo wa faili inayosema maandishi yake ni ya UTF-8, yaani ile namna ya kuandika herufi kwa baiti. Excel huiweka yenyewe unapochagua CSV ya UTF-8, kwa hiyo kila alipohifadhi upya aliirudisha. Kwake safu inaitwa "namba". Kwa mfumo inaitwa baiti tatu zisizoonekana halafu "namba". `sed -i '1s/^\xef\xbb\xbf//' wakulima.csv`, zikafutika, kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Tulicheka pamoja. Lakini jioni, natembea kurudi nyumbani kupitia stesheni, nikahesabu: hili ni kundi la nne la vijana wa fildi wanaojikwaa kwenye jiwe lile lile, na mawe yenyewe hayazidi manane. Nyinyi mnaokuja Tabora mwezi ujao nawaandikieni mapema. Terminali mnaijua, UTF-8 mmeisoma chuoni, sirudii hayo.

1. `cat` ni ya maandishi. Ukiitupia picha, terminali itaanza kuandika maruerue, na hata utakachoandika baadaye kitaonekana maruerue. Usiguse swichi ya ukutani. Andika `reset` hata kama huzioni herufi zako, bonyeza Enter. Kijana mmoja wa mwaka jana alichomoa waya wa umeme, na mwenzake alikuwa anafanya kazi kwenye mashine hiyo hiyo kupitia mtandao. Walisameheana, ila ilichukua siku tatu na sahani mbili za chipsi.

2. Chagua chombo kimoja cha kusomea baiti ukizoee. Mimi natumia `xxd`. Kinakuja pamoja na Vim, kwa hiyo kwenye seva isiyo na Vim unaweza kukikosa. Hapo `od` itakuokoa, maana imekuwapo tangu Unix ya 1971 na karibu kila mahali ipo: `od -An -tx1`. Wanaopenda `hexdump` waandike `hexdump -C`, na hiyo C wasiisahau hata siku moja. Bila C, `hexdump` inasoma baiti mbili mbili kama namba moja, na kwenye kompyuta zetu hizi inazionyesha zimegeuzwa: faili linaloanza na 50 4b utaliona 4b50. Nilimkuta mwenzetu mmoja anaitafuta 4b50 kwenye intaneti tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri, akiamini amegundua aina mpya ya faili. `od` tupu nayo itakupa namba za msingi wa nane, ambazo hapa ofisini hakuna anayezisoma.

Na ukiona kinyota peke yake kwenye mstari, kwa `hexdump` au `od`, maana yake mistari iliyofuata inafanana na ule wa juu. Ongeza `-v` uione yote.

3. Wanunuzi wa asali pale sokoni hawasomi lebo. Wanafungua ndoo, wanaingiza kijiti, wanaangalia uzi unavyoshuka, wanaonja. Jina la faili ni lebo. Mtu anaweza kuandika .csv juu ya chochote anachotaka, na huku mikoani wanaandika. Ukianza kwa kusoma baiti nane za mwanzo utajua ndoo ina nini: 25 50 44 46 ni PDF. ff d8 ff ni picha ya JPEG. 50 4b 03 04 ni ZIP, na hizo mbili za kwanza ni herufi PK, za Phil Katz aliyeibuni; .xlsx na .docx nazo ni ZIP ndani yake, ndiyo maana nazo zinaanza na PK. Excel ya zamani, ile .xls, inaanza d0 cf 11 e0. Nusu ya "CSV zilizoharibika" ninazoletewa ni .xlsx iliyobadilishwa jina kwa mkono.

PNG ndiyo ninayoipenda kuliko zote: 89 50 4e 47 0d 0a 1a 0a. Walioitunga waliziweka 0d 0a na 0a makusudi, ili programu yoyote inayochezea miisho ya mistari ikilipitisha faili hilo iache alama mlangoni, na msomaji ajue hapo hapo kwamba limeguswa. Watu waliofikiria mbele kiasi hicho nawaheshimu sana.

4. Hapa nitakaa. Mnivumilie.

Ilikuwa 2016. Uhakiki wa watumishi umepamba moto nchi nzima, neno "hewa", yaani mtu wa kwenye karatasi tu, liko midomoni mwa kila mtu, na mimi nina mwaka wa pili kazini. Nikapewa orodha mbili za msimu wa tumbaku nizilinganishe. Moja ilitoka chama kimoja cha msingi cha ushirika, majina ya wakulima waliouza sokoni. Nyingine ilitoka benki, majina na akaunti. Aliyemo kwenye zote mbili, alipwe. Aliyemo kwenye ya chama peke yake, awekwe pembeni achunguzwe.

Nikazipanga kwa `sort`, nikapitisha `comm -23`, inayotoa yaliyomo kwenye orodha ya kwanza peke yake, yakatoka majina 61. Nikafurahi. Nasema kweli, nilifurahi, niliona nimekamata wezi. Nikaandika taarifa, juu yake nikaweka "Wakulima hewa 61", nikaipeleka kwa wakubwa kabla ya chai ya saa nne.

Kama ningeisoma ile orodha kwa sauti, mara moja tu, ningesikia. Ng'wandu. Ng'wigulu. Ng'hwani. Ukurasa baada ya ukurasa, ng' ya king'ong'o. Hapa ni Unyamwezini, na Wasukuma ni majirani zetu na wengine wamehamia kulima huku; orodha ya wezi ambao karibu wote majina yao yana ng' ilitakiwa kunisimamisha pale pale. Sikusoma majina. Nilisoma hesabu.

Siku ya tisa alikuja mzee mmoja kutoka Urambo, kwa basi la alfajiri. Nilimkuta amekaa kwenye benchi chini ya mwembe, amevaa koti la sikukuu, vitu vyake amevifunga kwenye nailoni: kadi ya benki, kitambulisho, stakabadhi za mauzo moja moja. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama, akasema, "Mwanangu, nimeambiwa hapa kwenu mimi ni hewa. Nimekuja mnione."

Nilifungua orodha zote mbili. Jina lake lipo huku, lipo kule, herufi kwa herufi. Nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali kila herufi. Basi nikafanya kile ambacho nyinyi nyote mnafanya, na ambacho binti wa wiki hii alifanya: nikalifuta jina kwenye orodha ya chama nikaliandika upya kwa kibodi yangu. Nikapitisha `comm`. 60. Nikamwambia, "Mzee, pole sana, ilikuwa hitilafu ndogo ya kompyuta, imekwisha."

Akauliza, "Na shemeji yangu?"

Mjane wa kaka yake, jina la ukoo lile lile, alikuwa kwenye zile 60. Nikanyoosha mkono kwenye kibodi nimwandike upya na yeye. Dada wa meza ya pili, ambaye muda wote alikuwa kimya, akaja akanishika mkono. "Usiandike upya," akaniambia. "Ukiandika upya unafuta ushahidi. Umeangalia baiti?" Sikuwa nimeangalia. Akavuta kiti, akalitoa jina la ukoo la yule mama kwenye kila orodha, akayapitisha `xxd`:

`4e67 e280 9977 616e 6475  Ng...wandu`

`4e67 2777 616e 6475       Ng'wandu`

Kwenye kioo yalikuwa jina moja. Ndani, la kwanza lina baiti kumi, la pili nane. Karani wa chama alichapa orodha yake kwenye Word, na Word inabadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa ile iliyokunjwa, U+2019, ambayo kwenye UTF-8 ni e2 80 99. Benki ilikuwa na 27, ritifaa ya ASCII, orodha ya zamani ya herufi yenye nafasi 128 tu, na ile ya kukunjwa haimo. `comm` haioni umbo la herufi, inalinganisha baiti. Ilinijibu kwa usahihi kabisa swali ambalo sikujua kwamba nimeliuliza.

Tulikaa mpaka jioni tukizipitia zote. Nyingi zilikuwa e2 80 99. Chache zilikuwa baiti 60, ile alama ya juu kushoto ya kibodi ambayo mtu huibonyeza akiikosa ritifaa. Mbili zilikuwa c2 b4, alama ya mkazo iliyosimama peke yake. Zilizobaki, ambazo hazikuwa na ng', zilikuwa na nafasi nyuma ya jina. Hewa hakuwepo hata mmoja.

Mzee hakuondoka. Alikaa nasi, akala nasi mchana, akawa anatuambia "huyu namjua, huyu ni jirani yangu" kila tulipofungua jina. Malipo ya wote 61 yalitoka siku kumi na moja baadaye. Kumbe katikati hapo alikuwa ameshakopa kwa riba ili mtoto arudi shule. Aliniambia hilo bila hasira, kama anavyomwambia mtu mvua imechelewa, na mimi mpaka leo nikiikumbuka sauti yake nasikia uzito kifuani. Taarifa ya kwanza ilishasomwa kijijini, watu walishaitwa wezi mbele ya watoto wao. Niliomba ruhusa nikaenda mwenyewe, nikasimama mbele ya ghala la chama siku ya mkutano, nikasema kosa ni langu, jina kwa jina, yote 61. Ilichukua muda mrefu. Yule mjane alikuwa amekaa mbele.

Kwa hiyo mkiniona nakuwa mkali mtu anapotamka "huyu hayupo" bila kuniletea baiti, mjue ukali huo umetoka wapi.

Dawa yenyewe ni fupi: nakili faili asili uliweke pembeni usiliguse, halafu kwenye nakala `sed "s/’/'/g"` kabla ya kulinganisha, na zile nyingine mbili uzibadilishe nazo. Kisha `cat -A` uone kilichobaki. Ukiona M-bM-^@M-^Y ni ritifaa ya kukunjwa bado ipo. Ukiona ^M$ mwishoni mwa kila mstari, faili limetoka Windows, lina 0d 0a.

5. `xxd a.csv b.csv` hailinganishi mafaili mawili. Inalisoma la kwanza na kuandika matokeo JUU ya la pili. La pili limekwenda, halirudi. Nimeona hili mara mbili, mara zote saa za jioni, mara zote faili la pili ndilo lilikuwa halina nakala. Kulinganisha ni `cmp -l a.csv b.csv`, au ufanye hivi: `diff <(xxd a.csv) <(xxd b.csv)`. Mtu wa pili alilia, na sikumkataza, nikamletea maji, halafu tukapiga simu kwa karani wa kata atutumie lake. Alikuwa nalo kwenye fleshi, Mungu ambariki.

6. Ukitaka kurekebisha baiti kwa mkono, `xxd` kwenda, hariri, `xxd -r` kurudi. Hariri upande wa namba. Upande wa kulia ni wa kusoma tu, ukiubadilisha hakuna kitakachotokea.

7. Mwisho wa faili: `tail -c 32 faili | xxd`. Faili lililokatika katikati kwa sababu ya mtandao huonekana hapo.

8. Nafasi isiyo nafasi. c2 a0 kwenye kioo ni nafasi ya kawaida, ndani siyo 20, ile baiti ya nafasi ya kweli. Inakuja na majina ya wilaya mkiyanakili kutoka kurasa za intaneti. Nilitaka kueleza kwa urefu, lakini leo mchana, nikiwa naandika haya, binti wa fildi amenitumia mstari mmoja ambao unaeleza vizuri kuliko mimi:

`5369 6b6f 6e67 65c2 a02c  Sikonge..,`

Chini yake ameandika: "Kaka, zipo 214, zote za Sikonge. Sijagusa kitu. Nakusubiri au niendelee?"

Nimemjibu aendelee.