Kumeza si kumeng'enya: kwa unayeanza kupima seli za kinga

Mdogo wangu, kabla hujashika pipeti, tenganisha maswali mawili: seli imeimeza protini? Na je, imeivunja? Mimi niliyachanganya, nikakaribia kuandika uongo kwenye ripoti.

Nilizilisha makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vitu vigeni, ovalbumini, ile protini ya ute wa yai, iliyotiwa fluoreseini, rangi inayong'aa. Mwanzoni mng'ao ulipanda vizuri, kisha ukafifia. Nikajiambia protini imeshavunjwa, mabaki yametupwa nje. Mwalimu wangu akanishauri nitie kloridi ya amonia, inayopunguza asidi ndani ya seli. Mng'ao ukarudi! Kumbe fluoreseini hufifia penye asidi, na vifuko vinavyobeba protini huzidi kuwa na asidi kadiri vinavyokaribia lisosomu, vifuko vya kumeng'enyea vya seli, ambako pH hufika kati ya 4.5 na 5. Protini ilikuwemo bado. Taa tu ndiyo iliyozimika.

Kwa hiyo kupima umezaji, tumia rangi isiyojali asidi, kama Alexa Fluor 647. Kupima uvunjaji, tumia ovalbumini ya DQ: imebandikwa molekuli nyingi za rangi zilizosongamana hadi zikazimana zenyewe. Vimeng'enya vikiikata, vipande huachana, ndipo hung'aa.

Usikose mrija mmoja wa seli zilizokaa kwenye barafu. Katika nyuzi 4 protini hunata juu ya seli bila kumezwa, na mng'ao huo ndio wa kutoa kwenye hesabu ya nyuzi 37. Wengi huuruka wakiona wanapoteza seli. Usiuruke hata siku moja.

Halafu usizidharau seli dendritiki, seli za kinga zinazoonyesha wenzao vipande vya protini, zikivunja polepole kuliko makrofaji. Seli inayosaga kila kitu hadi unga haibakishi cha kuzionyesha seli T, zile seli za kinga zinazotambua vipande hivyo. Dendritiki zina vimeng'enya vichache zaidi vya kukata protini, hivyo vipande vya asidi amino 13 hadi 25 hivi husalimika na kupandishwa juu ya seli vikiwa vimeshikwa na MHC ya daraja la pili, protini inayoshika vipande ili seli T zivione. Mimi huo upole naustaajabia mpaka leo.

Jambo jingine, ovalbumini yako isiwe na sumu ya bakteria. Ikiwa nayo, dendritiki hukomaa, na zikishakomaa hupunguza sana kumeza. Utalaumu dawa unayoijaribu bure. Soma lebo ya chupa kabla ya kuagiza.