Kurudia SAT: vyuo vya Marekani hutazama alama zipi?

Ndugu mleta mada, umeuliza iwapo mdogo wako, aliyefanya SAT (mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vya Marekani) mara mbili na kung'ara katika Hisabati mara ya kwanza na katika Kiingereza mara ya pili, atume matokeo ya siku moja au ya siku zote. Nilipita njia hiyo hiyo nikiwa Dar es Salaam, na nilikaribia kukosea.

Mara ya kwanza nilipata 710 ya Hisabati na 590 ya Kusoma na Kuandika (ndiyo sehemu ya Kiingereza), jumla 1300. Mara ya pili Hisabati ilishuka hadi 680 lakini Kusoma na Kuandika kukapanda hadi 660. Nilitaka kuyaficha matokeo ya kwanza kwa kuwa jumla ya 1340 ilipendeza zaidi, na pia kwa kuwa sisi tuliokulia kwenye mtihani wa kidato cha nne humwona aliyerudia mtihani kama mtu mwenye doa. Kumbe vyuo vingi vinavyochuja sana, chuo cha teknolojia cha MIT kikiwemo, huchukua alama ya juu ya kila sehemu bila kujali ilipatikana siku gani, hivyo 710 yangu ya kwanza na 660 ya pili zilihesabiwa 1370. Kama ningeficha, ningejipunja alama 30 kwa mikono yangu mwenyewe.

Hata hivyo, msichukulie kwamba vyuo vyote vina utaratibu mmoja. Chuo Kikuu cha Georgetown hutaka matokeo ya kila mtihani uliofanya, wala hakikupi nafasi ya kuchagua. Chuo Kikuu cha California, chenye kampasi za Berkeley na Los Angeles, hakitumii alama hizo kabisa katika kumchagua mwanafunzi, hata ukizituma. Aliyefanya pia ACT, mtihani mwingine wa aina hiyo, asitarajie Hisabati ya huko iunganishwe na Kiingereza cha SAT, kwa sababu kila mtihani una vipimo vyake: SAT huishia 1600, ACT huishia 36.

Kuhusu kurudia mara ya tatu, mimi nilirudia nikapata 700 na 640, yaani hakuna sehemu iliyopanda, na ada ikawa imekwenda. Mdogo wako akirudia, ajikite kwenye sehemu moja iliyo nyuma, kwa kuwa ile nyingine tayari anayo. Kabla ya kulipia usafirishaji wa matokeo, asome ukurasa wa udahili wa kila chuo, kwani vingi humruhusu mwombaji ajaze alama zake mwenyewe kwenye fomu, kisha hudai matokeo rasmi baada ya kumpa nafasi.