Mwanangu, Waulize Kwanza Anacheza Wapi Jumapili

Mwanangu Mwanaidi,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mama yako anasema kwenye picha umekonda, kwa hiyo kula. Swali lako nimelibeba wiki nzima. Umeandika kwamba Wagiriki unaofanya nao kazi huko Thessaloniki wanabishana kwa nini vijana wao wanaong'ara wakiwa na miaka 17 wanazimika kabla ya kufika 23. Mmoja anasema uvivu, mwingine anasema pesa za mapema, na wewe unataka kujua nani ana haki, na kama huyu Karetsas, kiungo chipukizi wa Genk ya Ubelgiji na timu ya taifa ya Ugiriki, naye atazimika.

Uvivu siukubali hata kidogo. Ugiriki ina watu milioni kumi hivi, na bado ilifika fainali ya Ulaya ya vijana chini ya miaka 19 mwaka 2007, ikafika tena 2012, mara zote mbili ikafungwa 1-0 na Hispania. Mvivu hafiki huko. Mpaka miaka 19 wanajua kulea. Kinachovunjika kinavunjika kati ya 18 na 22, na msimamo wangu unaujua tangu ukiwa mdogo: mchezaji hulelewa na dakika. Nasema dakika za mechi yenye pointi, mbele ya beki mwenye miaka 30 ambaye mshahara wake unategemea kukuzuia.

Chukua wiki ya kijana wa benchi. Kiungo aliyecheza dakika zote 90 Jumapili amekimbia kilomita kumi au kumi na moja, na sehemu kubwa ya mbio zake za kasi ya juu za wiki nzima ameipata humo. Kijana wetu amepasha misuli kando ya mstari, amerudi kukaa. Katikati ya wiki anafanya mazoezi kwenye eneo dogo, wanane kwa wanane, ambako hakuna nafasi ya kufikia kasi yake ya mwisho. Siku mbili kabla ya mechi kazi inapunguzwa ili walioko kikosi cha kwanza wawe wabichi, na yeye anapunguziwa pamoja nao ingawa hakuwa na uchovu wowote. Wiki sita zinakwenda hivyo. Halafu inakuja mechi ya kombe, kocha anampanga tangu mwanzo, na dakika ya 60 anashika paja kwa nyuma. Magazeti yanaandika kwamba kijana ni mwepesi wa kuumia.

Dawa yake haina siri. Aliyecheza chini ya nusu saa abaki uwanjani baada ya filimbi, au aje kesho yake, apige mbio sita mpaka nane za mita 30 hadi 40 karibu na kasi yake yote, na apumzike kikamilifu kati ya mbio moja na nyingine. Kisha apelekwe timu B, yaani ya akiba, akacheze mechi ya kweli. Hapo ndipo Ugiriki ilichelewa: timu B za klabu kubwa ziliingia daraja la pili msimu wa 2021-22 tu. Kabla ya hapo kijana wa miaka 19 aliyemaliza ligi ya vijana alikuwa na njia mbili, benchi la wakubwa au mkopo kwenye timu inayopigania isishuke, ambako kocha anaogopa kufukuzwa kuliko anavyoogopa kuharibu kipaji cha mtu mwingine. Kocha anayehesabu kazi yake kwa wiki tatu hatampanga mtoto mbele ya mgeni mzoefu mwenye miaka 31. Simlaumu sana. Namlaumu anayemwajiri.

Na kuna jambo ambalo wenzako huenda hawalisemi kwa sababu kwao ni la kawaida. Kijana wa Kigiriki mwenye miaka 16 au 17 anatoka shule, jioni anakwenda tuisheni, ile wanayoiita frontistirio, kujiandaa na mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu. Saa za tuisheni ndizo saa za mazoezi. Mzazi anapochagua, mara nyingi anachagua tuisheni, nami nisingemwambia amekosea. Wewe mwenyewe unajua nyumba hii ilichagua nini kwa kaka yako.

Lakini kinachonichoma mpaka leo ni winga wa Kigiriki Tzolis na Norwich ya Uingereza. Agosti 2021, ana miaka 19, katoka PAOK ya hapo Thessaloniki, mechi yake ya kwanza ni Kombe la Ligi dhidi ya Bournemouth: mabao mawili, pasi mbili za mabao, 6-0. Mwezi haujaisha, kombe hilohilo, Liverpool wamekuja. Inapatikana penalti, anaichukua yeye, kipa Kelleher anaipangua. Penalti moja! Mwezi Novemba kocha aliyemtaka, Daniel Farke, akafukuzwa, na kijana akabaki na kocha ambaye hakumchagua, kwenye timu inayozama. Hakufunga bao hata moja la Ligi Kuu. Tayari watu walikuwa wameshamzika.

Mavrias, kijana mwingine wa Kigiriki, alikuwa ameshapitia hayohayo. Aliingia Ligi ya Mabingwa na Panathinaikos ya Athens akiwa na miaka 16, mwaka 2010. Agosti 2013 Sunderland ya Uingereza wakamchukua, na Septemba kocha Paolo Di Canio aliyemleta akaondolewa. Kwa hiyo kijana anaposaini nje, swali la mshahara lije baadaye. Kwanza aulize kocha huyu atakuwepo Desemba? Asipokuwepo, ni nani mwingine ndani ya klabu aliyetaka nije? Na nisipopata dakika hadi Januari, mkataba unaniruhusu kwenda kwa mkopo wapi, kwa nani, nikacheze nafasi gani?

Sasa naona unavyotaka kunijibu, na una haki. Ninis, kiungo wa Kigiriki, alikuwa na dakika. Alianza Panathinaikos akiwa na miaka 16, akafunga kwenye mechi yake ya kwanza ya timu ya taifa dhidi ya Cyprus mwaka 2008, akiwa na miaka 18 na siku 46. Beki Retsos alikuwa nazo pia. Olympiacos walimtumia karibu kila nafasi ya ulinzi kabla Leverkusen hawajamnunua mwaka 2017 kwa zaidi ya euro milioni 17. Ninis aliumia goti vibaya mwaka 2011. Retsos aliandamwa na majeraha Ujerumani. Kwa hiyo dakika peke yake haitoshi, nakubali, na inanigharimu kukubali.

Goti nalo lina hesabu yake. Ligamenti ya mbele ikikatika, kijana asirudi mechini kabla ya miezi tisa, na hata hiyo miezi tisa si kibali. Msuli wa mbele wa paja lililoumia ufikie angalau asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake, aruke kwa mguu mmoja na kutua bila goti kuingia ndani, akimbie na kukata kona akiwa amechoka. Klabu yenye haraka humrudisha kwa kalenda. Anarudi mzima kwa macho, lakini ile hatua ya kwanza ya kumpita mtu imepungua, na mchezaji kama Ninis alikuwa anaishi kwa hatua hiyo.

Hata hivyo narudi palepale. Retsos alirudi Olympiacos 2022, akapata dakika, na Mei 2024 akanyanyua kombe la Conference League, la tatu kwa ukubwa kwa klabu za Ulaya. Tzolis alipelekwa Twente, kisha Fortuna Düsseldorf, daraja la pili Ujerumani, akaanza kila wiki, akamaliza msimu wa 2023-24 na mabao 22, akiwa miongoni mwa wafungaji bora wa ligi. Mguu ni uleule uliokosa penalti. Mshambuliaji Pavlidis aliondoka kwao Ugiriki mapema, akapanda ngazi ndogondogo: Bochum, timu ya pili ya Dortmund, Willem II, AZ, ndipo Benfica. Samatta wetu, kabla hujamwona na jezi ya PAOK, alikaa Mazembe karibu miaka mitano na Genk minne, na Ligi Kuu ya Uingereza ikamkuta na miaka 27. Watu walimwona amechelewa. Mimi naona alifika amekamilika.

Machi 23, 2025, Hampden Park, Ugiriki inaiongoza Scotland 1-0. Karetsas, miaka 17, anapata mpira nje ya boksi, anauzungusha kwa kushoto, wavuni. Rekodi ya Ninis ya mfungaji mdogo zaidi wa taifa imeondoka. Mapumziko yakaisha, na bao la tatu likafungwa na nani? Tzolis. Kaka yako alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Unataka niseme kama Karetsas atafika. Ulimi unaniwasha, lakini sisemi, kwa sababu jibu halimo miguuni mwake. Yeye amelelewa Genk, anaanza mechi, hilo linanipa moyo. Kostoulas, mshambuliaji aliyetoka Olympiacos, ananipa wasiwasi zaidi: Brighton ya Uingereza wamemchukua 2025 kwa takriban euro milioni 35, na bei hiyo haimpi mtoto wa miaka 18 ruhusa ya kucheza vibaya wiki nne mfululizo, jambo ambalo kila mtoto wa miaka 18 lazima alifanye. Ila Brighton wana subira kuliko wengi. Basi, naacha.

Waambie wenzako waweke pesa na uvivu pembeni, kisha wakutajie kijana mmoja wa PAOK mwenye miaka 19 na dakika zake za ligi tangu Agosti. Niandikie namba hiyo, na kama alicheza nafasi yake au alisogezwa pembeni kuziba pengo.

Baba yako