Fuatilia neno moja la Kiebrania: mfano wa nafsi

Sisi tunaosoma Biblia kwa Kiswahili tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Maneno yetu mengi ya kanisani yalitufikia kwa njia ya Kiarabu, na Kiarabu na Kiebrania ni lugha ndugu. Ndiyo maana nabii kwa Kiebrania ni navi, kuhani ni kohen, malaika ni malakh, na nafsi ni nefesh.

Lakini ndugu hawafanani kwa kila kitu. Tukisikia nafsi, tunawaza kitu cha ndani kisichoonekana. Sasa soma Zaburi 69:1: "Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu." Nefesh hapo ni koo. Mtu anazama, maji yamefika shingoni, bado kidogo pumzi ikatike. Yona alilia vivyo hivyo katika sura ya 2. Mithali 23:2 inamwita mlafi "mwenye nefesh", na papo hapo inamwambia ajitie kisu kooni. Katika Hesabu 6:6 neno hilohilo limetafsiriwa maiti! Na ile "nafsi hai" ya Mwanzo 2:7 ndiyo iliyotumika kwa viumbe wa majini katika Mwanzo 1:20.

Katika kikundi chetu cha kujifunza Biblia huwa tunakaa na neno moja hadi tulielewe. Tunatumia itifaki ya James Strong, yaani kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yalimo, iliyotoka mwaka 1890 na kuwekea kila neno la lugha ya asili namba yake. Nefesh ni 5315. Programu nyingi za Biblia za kwenye simu zinazo namba hizo bure, hasa kwenye tafsiri ya Kiingereza ya King James. Ukishapata namba, usiishie kwenye orodha fupi ya maana ukachagua inayokupendeza. Fungua mistari yenyewe, kisha andika daftarini nefesh inafanya nini: inakula, inaona kiu, inachoka, inakufa. Kazi hii inachosha, lakini baada ya hapo "nafsi yangu inamwonea kiu Mungu" ya Zaburi 42 inakukauka kooni unapoisoma.

Jihadhari pia na mahubiri yanayojengwa juu ya mzizi wa neno, yaani herufi zake za msingi, peke yake. Lehem ni mkate, milhama ni vita, na yote mawili yana herufi zilezile za mzizi. Hakuna anayekula mkate akiwaza vita. Mtaalamu James Barr aliwaonya wasomi wenzake juu ya kosa hili mwaka 1961, na bado nalisikia mimbarini.

Ukimaliza nefesh, nenda kwenye rahamim, yaani rehema, neno lililo karibu na rehem, tumbo la uzazi. Anzia 1 Wafalme 3:26, Sulemani akiwa ameshaagiza mtoto akatwe vipande viwili. Kiebrania kinasema rahamim za mama yake ziliwaka kwa ajili ya mwanawe. Hapo mzizi una haki ya kutajwa, kwa sababu anayesema ni yule aliyemzaa.