Subaru au Vitz kwa dogo mwenye leseni mpya?
Kaka, umeuliza umnunulie dogo gari gani kwa milioni 9; kwa hela hiyo na dogo ndiyo kwanza kapata leseni, Subaru achana nayo. Mtafutie Vitz au IST ya cc 1300, spea zipo kila kona na hakuna fundi asiyeijua.

Kuhusu bima, bima ndogo inamlipa aliyegongwa tu, bampa lenu mtatengeneza wenyewe. Mwaka wa kwanza ningemkatia bima kubwa, inayolipia na gari lenu, kawaida kama asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Ila someni kiasi mtakachochangia wenyewe mkidai, maana dereva mwenye leseni changa mara nyingi huongezewa. Na ukishalipa, hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, vishoka bado wapo.